Jicho, Rula na Ubao Usiotulia

Assalamu alaykum, wazee wangu mafundi, nanyi vijana mnaoanza kushika randa. Nimeombwa nizungumzie ubishi wa kila siku katika karakana zetu za Mji Mkongwe na Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar: ubao ukishapigwa randa, nani aamue kama umekaa sawa, jicho la fundi au kipimo?

Jicho ni hodari mno linapolinganisha vitu viwili, na ni dhaifu linapoachwa peke yake. Uso mtupu wa ubao wa msaji, wenye nyuzi zinazopinda na rangi inayokoza na kufifia, humdanganya hata mzee aliyezeekea kazini. Simamisha ukingo wa rula ya chuma juu ya uso huohuo, uinue mbele ya dirisha, na jicho litaona mwanga ukipenya katika mwanya mwembamba kuliko karatasi ya kuandikia.

Msokoto ndio unaotuumiza zaidi, kwa sababu rula huweza kukaa vizuri kila inapolazwa kwa urefu na kwa upana, kumbe ubao umesokotana pembe kwa pembe. Hapo fundi hulaza fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho wa ubao, akainama na kutazama kama migongo yake inakwenda sambamba. Ubao ukiwa na upana wa milimita 200 na fito zikiwa na urefu wa milimita 600, kosa la milimita 1 huonekana kuwa milimita 3 kwenye ncha za fito. Fito hizo hazina namba wala alama. Anayesoma ni jicho. Na mwenye kutengeneza mlango wa mabawa mawili anaijua hasara ya kuliacha jambo hili: bawa lililosokotana hugusa mfaa, yaani mti wa katikati ambapo mabawa hukutana, kwa juu na kuacha uwazi chini, hata nakshi yake iwe nzuri namna gani.

Rula nayo ipimwe. Chora mstari kwa penseli iliyochongoka, ipindue rula ili ukingo uleule uufuate mstari kutoka upande wa pili, kisha chora tena; mistari ikiachana, uwazi unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza aliyeeleza kazi yake ya nyuso za chuma mwaka 1840, alisawazisha bamba tatu kwa pamoja, kwani mbili tu huweza kupatana ilhali moja imebonyea na nyingine imevimba.

Hata hivyo, sipendi kumwona kijana akihangaikia sehemu moja ya mia ya milimita. Mbao huvuta unyevu na kuuachia, hutanuka kwa upana kuliko kwa urefu, na uliyoisawazisha wakati wa jua haitabaki vilevile masika yakiingia. Ukichonga upande mmoja tu na kuulaza ubao juu ya sakafu ya saruji, utaanza kujikunja usiku huohuo. Usimamisheni upate hewa pande zote, na mpitishe fito tena asubuhi ya kuunganisha, kabla gundi haijafunguliwa.