Chukudu ya mjomba na mkia wa Mi-8

BAHATI: Tuko hewani. Furaha, wiki hii nimeaibishwa na mtoto wa miaka 9.

FURAHA: Yule mwanao mdogo? Ya Bahati, hiyo ni habari ya kila wiki.

BAHATI: Ngoja kwanza. Amechora helikopta nyeupe, zile za MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, tulizozoea kuzisikia juu ya mabati hapa Goma. Panga tano juu, milango ya nyuma inafunguka kama kabati. Safi kabisa. Nikamwambia umekosea, hii ni Mi-8, ile helikopta ya Kirusi, na panga lake la mkia linakaa kulia. Akanitazama: "Papa, hii ni Mi-17."

FURAHA: (anacheka) Na ndivyo ilivyo?

BAHATI: Ndivyo. Miaka ya 1970 waliweka injini mpya, kutoka nguvu za farasi 1,500 hadi karibu 1,900 kila moja, na panga la mkia likahamia kushoto, ndege ishike mwelekeo vizuri. Mwaka 1981 wakaionyesha Paris kwa jina Mi-17.

FURAHA: Jina la wanunuzi wa nje! Kwao Warusi bado ni Mi-8MT. Ndege ni ileile.

BAHATI: Injini si ile, mkia si ule, ileile wapi?

FURAHA: Unajua chukudu ya mjomba, ile skuta yake ya mbao ya kubebea mizigo, pale Majengo? Amebadilisha magurudumu, usukani, sasa hata ubao. Bado ni ile ya kutelemka nayo kutoka Kibumba na kabichi.

BAHATI: Bado inaitwa ile. Mimi nasema amekwisha kununua ya pili, kidogokidogo.

FURAHA: Mwambie hivyo usoni!

BAHATI: Sina ujasiri huo. Lakini tuhesabu. Kwenye karatasi Mi-8 inabeba tani 4 ndani. Magunia 80 ya kilo 50.

FURAHA: Chukudu ngapi hizo?

BAHATI: Inategemea nani anasukuma. Na hapa kwetu tuko mita 1,500 na zaidi, hewa nyepesi, rubani anapunguza magunia. Ndiyo maana injini ile mpya ina maana! Ndege inayopanda na mzigo, na ndege inayobaki uwanjani, utaziita moja?

FURAHA: Mjomba akila vizuri anapandisha magunia mawili zaidi. Amekuwa mjomba mwingine?

BAHATI: Mjomba hakuhamishwa mkia.

FURAHA: (kicheko kirefu) Sikubali. Mwili ni ule wa mwaka 1962, walipoipa injini mbili badala ya moja. Zimetoka zaidi ya 17,000, Kazan na Ulan-Ude, na ukoo ni mmoja.

BAHATI: Ukoo, sawa. Ndugu si mtu mmoja.

FURAHA: Mimi nimebaki palepale.

BAHATI: Na mimi. Eh, tumebakiza dakika mbili. Tuliahidi Afghanistan, Chernobyl na mafunzo matatu.

FURAHA: Mafunzo yaache. Chernobyl, 1986: Mi-8 zilikuwa kati ya zilizomwaga mchanga na madini ya risasi juu ya kinu cha nyuklia kilichokuwa kinaungua. Mwezi wa Oktoba, Mi-8 mojawapo ikagonga kebo ya kreni, watu wake 4 wakafa.

BAHATI: Hiyo si ya dakika moja.

FURAHA: Hapana. Tuiwekee siku yake, bila chukudu.

BAHATI: Sawa.

FURAHA: Na mchoro wa mtoto, alipata ngapi?

BAHATI: Sita kwa kumi. Mwalimu ameandika: helikopta haina milango nyuma.