Habari ya Utafiti Huiva Lini?

Wazee, shikamooni. Wenzangu wa redio, habari za jioni. Nimeombwa niseme jinsi taaluma mbalimbali zinavyotangaza matokeo ya utafiti, nami naona nianze na kosa langu mwenyewe.

Tarehe 20 Juni 2024 nilikuwa studio, zimebaki dakika chache taarifa ya habari ianze. Ujumbe ukaingia kwenye simu: kampuni ya Gilead imetoa matokeo ya majaribio ya lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Majaribio yalifanyika Afrika Kusini na hapa kwetu Uganda. Wasichana na wanawake 2,134 walichomwa sindano hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Nikafungua kipaza sauti nikasema, "Sindano ya kuzuia Ukimwi imepatikana!"

Simu zilianza kabla wimbo haujaisha. Mama mmoja alitaka kujua aende zahanati gani na saa ngapi, maana ana mabinti wawili. Sikuwa na jibu. Mimi nilisema imepatikana, yeye akasikia ipo, na kwa Kiswahili yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Tarakimu zote nilizosoma zilikuwa za kweli. Lakini nilichoshika mkononi kilikuwa tangazo la kampuni. Maelezo kamili yalitoka Julai, kwenye mkutano wa Ukimwi wa Munich na katika jarida la kitabibu. Idhini ya Marekani ya kuitumia kama kinga ilitoka Juni 2025. Kile kitenzi changu kilitangulia mbele ya dawa kwa mwaka mzima.

Tangu siku hiyo nauliza kila habari ya utafiti imetoka kwenye nyumba gani, yaani taaluma gani, kwa sababu kila nyumba ina desturi zake. Wanafizikia tangu mwaka 1991 wana hazina yao mtandaoni, arXiv, ambako mtu huweka andiko lake kabla wahakiki, yaani wataalamu wanaolikagua, hawajaligusa. Si uzembe. Msomaji wanayemlenga ni mwanafizikia mwenzao, anayejua kwamba chungu bado kiko jikoni. Septemba 2011 kundi la wanafizikia liitwalo OPERA lilisema chembe za neutrino zilizorushwa kutoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, zilifika Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, mapema kuliko mwanga kwa takriban sehemu 60 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Wenyewe waliomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. Sisi wa habari tukatangaza kwamba Einstein, aliyesema hakuna kinachoushinda mwanga kwa mbio, kaanguka. Mwaka uliofuata ikaonekana waya mmoja wa kupitisha mwanga haukuwa umekazwa vizuri. Wao walileta swali, sisi tukalibeba kama jibu.

Halafu kuna suala la kipimo. CERN walipotangaza chembe ya Higgs, ile inayohusishwa na chembe nyingine kuwa na uzito, Julai 2012, walikuwa wamesubiri hadi uwezekano wa bahati tupu kuwaletea ishara kama ile ukashuka kufikia kama mmoja katika milioni 3.5. Kwenye tiba na kilimo, mara nyingi mmoja katika 20 unatosha kuandika. Pande zote mbili gazeti huandika "wamegundua". Msije mkadhani madaktari ni wavivu. Mgonjwa si chembe, huwezi kumgonganisha mara trilioni. Na kungoja kuna gharama yake. Kule Rakai, kusini mwa Uganda, majaribio ya tohara kwa wanaume karibu 5,000 yalisimamishwa kabla ya muda, Desemba 2006, kwa sababu ilishaonekana wazi kwamba tohara inapunguza maambukizi ya VVU kwa takriban nusu, na isingekuwa haki kuwanyima wale wa kundi la kulinganisha, ambao hawakuwa wametahiriwa. Nusu, jamani. Kuna vijana wa bodaboda waliosikia "kinga" wakaishia hapo.

Wengine hawana haraka kabisa. Aprili 1947, katika msitu wa Zika, barabara ya Entebbe, tumbili aliyewekwa kizimbani juu ya jukwaa la mtini kwa utafiti wa homa ya manjano alishikwa na homa. Virusi vilivyotolewa kwenye damu yake, ndivyo virusi vya Zika, viliandikwa jaridani mwaka 1952. Kule Ngogo, ndani ya msitu wa Kibale, watafiti waliwafuata sokwe kwa miaka 10 ndipo mwaka 2010 wakaandika kwamba sokwe huua majirani zao, kisha huteka ardhi yao.

Ila nyumba ninayoipenda ni ya mihogo. Niliwahi kusimama shambani siku ya wakulima, mtafiti akang'oa shina lenye majani mabichi, mazuri kabisa. Akaulaza muhogo juu ya gogo, akaukata mkato mmoja kwa panga. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, mkavu kama gome. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia: juu unaweza usione kitu. Akang'oa wa mbegu mpya, akakata: mweupe pe. Hakuna aliyeuliza jarida. Bibi mmoja aliomba vipando vitatu akapanda kwake, akasema atatoa taarifa mwakani. Na mbegu ile kabla ya kufika pale ilikuwa imepandwa misimu kadhaa, sehemu mbalimbali, ndipo kamati ikaipitisha.

Siku hizi nimebandika karatasi kwenye meza ya studio, ina vitenzi vyangu: wanashuku, wameona, wamepima, wengine wamerudia wakapata vilevile, imeidhinishwa, ipo zahanati. Habari ikija, natafuta inakaa wapi kabla sijafungua kipaza sauti. Mhariri wangu hulalamika kwamba "wanashuku" haiuzi habari, na kweli haiuzi. Lakini yule mama bado hupiga simu, na sasa huanza kwa kuuliza, "Leo ni kitenzi gani?"

Mzee wangu pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mihogo. Karibu, mzee, tunakusikiliza.