Mafua ya Watoto: Probayotiki Ipi?

Wazazi wenzangu, kliniki kila siku ni swali hilo hilo: "Daktari, mtoto ana mafua, nimpe probayotiki?" Yaani bakteria hai wa kula au kunywa kwa ajili ya afya. Nami nauliza: ipi? Hapo mzazi hukunja uso, anadhani namkebehi. Simkebehi. Hoja yangu yote imo humo: bakteria hawa ni wa aina nyingi, na kila aina hupimwa peke yake. Walionisikia zamani wavumilie.

Twende Helsinki. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 571, wa mwaka 1 hadi 6, wanaoshinda kwenye vituo vya malezi. Kwa miezi 7 ya baridi, kundi moja lilikunywa maziwa yaliyotiwa bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GG, jingine maziwa matupu. Wazazi hawakujua nani anakunywa yapi. Hesabu ikatoka: wa bakteria walikosa kituo kwa ugonjwa wastani wa siku 4.9, wenzao 5.8. Msipige makofi! Haifiki hata siku moja, kwa baridi nzima. Na watafiti walipozingatia umri wa watoto, tofauti ikasinyaa zaidi. Faida tunayoigombania ndiyo hiyo. Tena ni ya mtoto anayekunywa kila siku kwa miezi, siyo ya kumkimbizia leo jioni anayepiga chafya tangu asubuhi.

Helsinki ni mbali? Haya, kusini magharibi mwa Uganda. Watoto wa miaka 3 hadi 6 walipewa mtindi wenye bakteria yule yule, anayetumika huko kwa jina jingine. Wengine wakapewa maziwa. Wa mtindi wakapungukiwa mafua, hata maradhi ya ngozi. Nilifurahi. Lakini pale kila mtu alijua nani anakunywa nini, maana mtindi haufichiki mdomoni. Mwalimu akishauamini, kamasi ataziona chache.

"Kwa hiyo maziwa ya mgando ya bibi hayana maana?" Nani kasema hivyo? Ni chakula kizuri, wape. Ila bakteria wa kibuyu cha bibi hakuna aliyewapima kwa mafua, na ukiumimina mtindi kwenye uji unaochemka umewaua wote. Uji upoe kwanza! Na wa dukani, kama umechemshwa baada ya kuganda, bakteria hai hamna humo.

Naonyeshwa saa. Amoksilini ni dawa ya kuua bakteria, haiui virusi vinavyoleta mafua, hilo sirudii. Chini ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Mtoto njiti asipewe probayotiki kienyeji: bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu, na mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti mmoja kufariki.

Badala ya kuzunguka maduka ya dawa, hesabuni pumzi za mtoto akiwa ametulia, dakika nzima. Miezi 2 hadi 11, zikifika 50. Mwaka 1 hadi 5, zikifika 40. Au kifua kikibonyea akivuta hewa, ni hospitali usiku huo huo. Bei za vidonge vya probayotiki muulizeni mfamasia, mimi siuzi.