Kombe la Jumamosi: Tuzo ya Msimu kwa Dereva Bora wa Kufuzu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Kazi yangu mimi ni saa. Kwa miaka mingi nimekaa vumbini, mwisho wa stej za rali, vile vipande vya njia vinavyopimwa kwa saa, nikiandika muda wa kila gari linapopita. Ukikaa na saa kwa muda mrefu hivyo unaanza kuyaona mashindano kwa jicho lako. Huulizi tena nani yuko mbele ya nani, unauliza nani ametumia muda mchache. Ndiyo maana kwenye langalanga, yaani Formula 1, siku ninayoisubiri ni Jumamosi, siku ya kufuzu, dereva anapoweka muda unaoamua aanze wa ngapi mbio za Jumapili. Na ndiyo maana leo nimekuja kuitetea tuzo ambayo wengine hapa huenda hata hamjui kwamba iliwahi kuwapo.

Mwaka 2014 FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, lilianzisha kombe la dereva atakayeshika nafasi ya kwanza kwenye gridi, yaani mpangilio wa kuanza mbio, mara nyingi kuliko wenzake katika msimu mzima. Msimu ule ulikuwa na mbio 19. Nico Rosberg alianza mbele mara 11, mwenzake wa Mercedes Lewis Hamilton mara 7, na Felipe Massa wa Williams mara moja, kule Austria. Kombe likaenda kwa Rosberg. Ubingwa ukaenda kwa Hamilton, aliyeshinda mbio 11 dhidi ya 5 za Rosberg.

Mbio za mwisho zilikuwa Abu Dhabi. Rosberg alianza wa kwanza, akiwa bado na matumaini ya ubingwa. Kisha mfumo wa umeme unaoisaidia injini ukamfia katikati ya mbio, magari yakaanza kumpita moja baada ya jingine. Timu ikamwambia anaweza kuliegesha gari, yeye akaomba aendelee hadi mwisho. Akamaliza wa 14. Kama tungekuwa na jedwali la pointi peke yake, hesabu ya Jumamosi zake 11 ingekuwa imemezwa na jioni ile moja.

Kabla sijaendelea, tuelewane ni nini hasa kinachopimwa. Tangu 2006 kufuzu kwa langalanga kumegawanywa vipindi vitatu vya mchujo. Wa nyuma wanatolewa katika kipindi cha kwanza, wengine katika cha pili, na kumi waliobaki wanagombea nafasi za juu katika cha tatu. Hapo dereva ana tairi mpya, mafuta kidogo tu, na mzunguko mmoja au miwili. Hakuna anayeruhusiwa kumzibia njia, hakuna mkakati wa kusimama kubadili tairi, hakuna gari la usalama, lile linalowapunguza wote mwendo, la kumwokoa. Ni yeye, gari na saa. Saa yenyewe inasoma hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde. Gari linalokwenda kilomita 300 kwa saa, katika sehemu hiyo moja ya elfu, linasogea kama sentimita 8. Upana wa kiganja! Mimi niliyezoea kupima kwa sehemu ya kumi ya sekunde, jambo hilo hunisisimua hadi leo.

Najua mtakaloniambia: tuzo ya namna hii ni ya gari, si ya dereva. Ni kweli kwamba kombe lile kuanzia 2014 hadi 2017 halikutoka Mercedes, Rosberg mara moja na Hamilton mara tatu mfululizo. Lakini 2014 wawili hao walikuwa na gari la aina moja. Na hata hapo sitaki kuwaficha kitu: Hamilton alikatikiwa na diski ya breki katika kufuzu kule Hockenheim, Ujerumani, na wiki iliyofuata gari lake likashika moto Hungary kabla hajaweka muda wowote wa maana. Kwa hiyo 11 kwa 7 si kipimo safi. Lakini ubingwa nao hubebwa na gari, na hatuufuti kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye hoja ninayoipigania kweli. Kila mara suala hili linapozungumzwa kuna mtu husema: kwa nini kombe, wape pointi tu. Formula E, mbio za magari ya umeme, inatoa pointi 3 kwa anayeanza wa kwanza. IndyCar ya Marekani inatoa 1. Basi langalanga nayo ifuate.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ya msimu wa 2016. Rosberg alikuwa bingwa kwa pointi 385, Hamilton akamaliza na 380. Katika kufuzu Hamilton alikuwa na nafasi za kwanza 12, Rosberg 8, na Daniel Ricciardo moja, ya Monaco. Ongeza pointi 1 kwa kila nafasi ya kwanza: Rosberg 393, Hamilton 392. Rosberg bado bingwa, kwa pointi moja. Ongeza pointi 2: Hamilton 404, Rosberg 401. Bingwa amebadilika. Ongeza 3 kama Formula E: Hamilton 416, Rosberg 409.

Tazameni hapo. Hakuna dereva aliyeendesha vizuri zaidi wala vibaya zaidi, ni kalamu ya mtunga kanuni tu iliyosogea, na taji la dunia limehama kichwa. Mimi sipendi. Jumapili ni kazi ya kulinda tairi, ya kujua wakati wa kushambulia na wakati wa kuvumilia. Jumamosi ni kazi nyingine. Ukizichanganya katika jumla moja unapata namba ambayo haikuambii lolote kuhusu yoyote kati ya hizo mbili. Mpe wa Jumamosi kombe lake, liwe na heshima yake, lisiguse ubingwa.

Kuna mzee pale anatikisa kichwa, nadhani anawaza rali. Ndiyo, mzee wangu, kwenye Rali ya Safari kule Naivasha stej ya mwisho inatoa pointi za ziada, 5 kwa wa kwanza hadi 1 kwa wa tano. Lakini rali yote ni saa, tangu stej ya kwanza. Pale unaongezewa kwa kazi ileile uliyokuwa ukiifanya tangu Alhamisi.

Tukikubaliana liwe kombe, linabaki swali gumu: unahesabu nini? Hapa ndipo naona FIA walikosea, ingawa nia yao ilikuwa njema. Waliangalia nani ameanza mbele, badala ya nani amekuwa na kasi zaidi. Mambo hayo mawili yanatengana mara nyingi kuliko mnavyodhani. Monaco 2012, Michael Schumacher, akiwa na miaka 43, aliweka muda bora kuliko wote. Lakini alikuwa na adhabu ya nafasi tano kwa kumgonga Bruno Senna katika mbio zilizotangulia, Hispania. Akaanza wa sita. Vitabu vinasema nafasi ya kwanza ni ya Mark Webber. Ubelgiji 2022 Max Verstappen aliwaacha wenzake kwa zaidi ya nusu sekunde, na kwa sababu ya adhabu ya vipuri vya injini akaanza wa 14. Nafasi ya kwanza ikaandikwa kwa Carlos Sainz. Adhabu ni haki kwa upande wa gridi, lakini haiwezi kuurudisha nyuma mshale wa saa. Tuzo ya kufuzu ingefaa ihesabu muda uliowekwa, basi.

Pia walihesabu wa kwanza peke yake. Dereva akiwa wa pili mara 20 kwa tofauti ya kiganja, anapata sifuri. Katika pikipiki, MotoGP, wamelifikiria hili vizuri zaidi. Tangu 2003 BMW hutoa gari kwa dereva bora wa kufuzu wa msimu, na wanampata kwa kugawa pointi kwa matokeo ya kufuzu kama zile za mbio: 25 kwa wa kwanza, 20 kwa wa pili, 16 kwa wa tatu, kuendelea chini. Marc Márquez alilichukua mara saba mfululizo, 2013 hadi 2019. Mwaka 2015 alianguka sana, akamaliza wa tatu katika ubingwa uliochukuliwa na Jorge Lorenzo. Gari la BMW likabaki kwake. Hiyo ndiyo kazi ya tuzo ya namna hii: kumwona mtu ambaye jedwali kuu limempoteza.

Siku hizi kwenye langalanga kila anayeshika nafasi ya kwanza hupewa kitairi kidogo cha Pirelli, watengenezaji wa tairi, chenye jina lake. Nakipenda kitairi kile. Mwaka 2022 kule Interlagos, Brazil, alikipata Kevin Magnussen wa Haas, timu ambayo haikuwahi kuanza mbele tangu izaliwe. Aliwahi kuweka muda wake, gari la George Russell likakwama kwenye kokoto, bendera nyekundu ikapepea, mvua ikashuka, na hakuna aliyeweza kumfikia tena. Lakini kitairi ni cha siku moja. Mimi nazungumzia msimu.

Na nikisema msimu namfikiria Charles Leclerc wa Ferrari. Mwaka 2019 aliongoza kwa nafasi za kwanza 7, mwaka 2022 akaongoza tena kwa 9. Katika 2022 hiyo alishinda mbio 3 tu. Hispania injini ilimfia akiongoza, Baku ikamfia tena akiongoza, Ufaransa akateleza mwenyewe akiongoza. Nyumbani kwao Monaco alianza mbele 2021 akashindwa hata kufika kwenye gridi kwa sababu ya ekseli, akaanza mbele 2022 akamaliza wa nne, ikabidi asubiri hadi 2024 ndipo ashinde. Kijana huyu hana taji la dunia, lakini ana misimu miwili ambayo saa ilisema hakuna aliyemzidi.

Nimalizie na Jerez, Hispania, 1997, maana najua mtaniuliza wakilingana inakuwaje. Jacques Villeneuve, Michael Schumacher na Heinz-Harald Frentzen, wote watatu, waliweka dakika 1 sekunde 21.072. Kanuni ikampa Villeneuve kwa kuwa yeye ndiye aliyeuweka muda huo kwanza. Kwa kupanga gridi, sawa, hamwezi kuanza watatu mahali pamoja. Lakini kwa hesabu ya tuzo ninayoitaka mimi, wote watatu wangeandikiwa pointi 25 za wa kwanza.

Kipaza sauti kiko pale mbele. Anayetaka kunipinga kuhusu 2016 aanze yeye.