Ndani ya Mnyoo wa Simba

Mabwana na mabibi, nanyi wanafunzi wa utabibu wa wanyama, asanteni kwa kuja. Hapa Lubumbashi, mtu akitajiwa simba mawazo yake hukimbilia meno na kucha. Leo nawaingiza tumboni mwake, kwa mnyoo aitwaye Toxascaris leonina.

Muue kwa alkoholi ya moto ya asilimia 70 ili afe amenyooka, mkate vipande vyembamba kwa upana, vitie rangi, kisha tazama kwa mikroskopu. Nje kabisa kuna kutikula, ganda gumu lisilo na seli. Chini yake kuna tabaka jembamba lililonenepa mahali panne: mgongoni, tumboni na ubavu huu na huu. Kati ya hapo ndipo imejipanga misuli, na hapa naomba mtulie. Kwetu sisi neva ndiyo inayoufuata msuli. Kwa mnyoo, msuli wenyewe unanyoosha mkono mrefu mpaka ukaifikia neva. Nimeiona miaka yote hii na bado inanishangaza! Tena misuli hiyo yote imelala kwa urefu. Hakuna hata mmoja unaouzunguka mwili. Akishajikunja, anajinyoosha vipi? Maji yaliyobanwa ndani yake ndiyo yanayomrudisha, kama mpira wa baiskeli uliojaa upepo.

Sasa mtazameni Toxocara canis, mnyoo wa mbwa na mbweha. Kwa mtazamo wa kwanza utasema ni huyo huyo: midomo mitatu, mikunjo membamba ya ngozi kama mabawa shingoni. Nenda mwisho wa umio. Toxocara ana kifundo chenye tezi kabla ya utumbo kuanza, Toxascaris hana. Mkiani, dume wa Toxocara ana kijidole, na mwenzake amechongoka tu. Mayai nayo: la Toxascaris lina ganda laini, la Toxocara limejaa vishimo vishimo.

Lava, yaani mnyoo mchanga, wa Toxascaris hukulia katika ukuta wa utumbo. Wale wa Toxocara husafiri, hupita ini na mapafu, na kwa mbwa mwenye mimba humfikia hata mtoto aliye tumboni. Yai hilo la vishimo, mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayechezea udongo akilimeza, lava anaweza kufika hadi kwenye jicho lake. Kwa hiyo ukiniletea kinyesi cha mbweha na kuniambia "ni minyoo tu", nitakurudisha kwenye mikroskopu ukaniambie ganda la yai likoje.