Soma maelezo ya Ansible palepale kwenye terminali: matumizi ya ansible-doc

Karibu mtazamaji. Leo tunashika amri moja tu, ansible-doc, ya Ansible, zana ya kusanidi na kuendesha mashine nyingi kiotomatiki. Unaposakinisha Ansible, maelezo ya moduli (programu ndogo zinazofanya kazi moja moja, kama kunakili faili) na programu jalizi zake huja pamoja nayo na kukaa kwenye mashine yako. Amri hii inayasoma kutoka hukohuko, kwa hiyo unachokiona kinahusu toleo ulilonalo wewe. Ukurasa wa mtandaoni unaweza kukuonyesha chaguo lililoongezwa juzi, ukaliandika, na mashine yako ikalikataa.

Fungua terminali, uanze na hii:

ansible --version

Angalia toleo la ansible-core (kiini cha Ansible) kwenye mstari wa kwanza, kisha tafuta mstari wa "ansible python module location". Kama una mazingira kadhaa ya Python, hapa ndipo unapojua uko kwenye yapi. Usiruke hatua hii; mara nyingi moduli inayosemekana haipo, ipo kwenye mazingira mengine ambayo hukuyawasha.

Sasa andika:

ansible-doc ansible.builtin.copy

Kwa kawaida maelezo yanafunguka ndani ya less, programu ya kusomea maandishi marefu kwenye terminali. Usishuke kwa mshale mstari mmoja mmoja. Bonyeza alama ya mkwaju (/), andika EXAMPLES kwa herufi kubwa, halafu Enter: umefika kwenye mifano, ambayo hukaa karibu na mwisho. Herufi n inakupeleka panapofuata neno hilohilo, g inakurudisha juu, q inakutoa.

Rudi juu kwenye OPTIONS. Pale juu pameelezwa namna machaguo ya lazima yanavyotambulishwa: alama ya = mbele ya jina, au rangi kama toleo lako linatumia rangi. Kwenye copy, la lazima ni dest peke yake. Chini ya kila chaguo soma type, default na choices, hata kama una haraka.

Hebu tutue kwenye mode, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Maelezo yanakutaka uweke namba ya ruhusa ndani ya alama za nukuu, mfano '0644'. Ukiandika 644 tupu, YAML (muundo wa maandishi unaotumika kuandikia kazi za Ansible) inaisoma kama namba ya kawaida ya msingi wa kumi. Ikigeuzwa kuwa ya msingi wa nane inakuwa 1204. Faili linanakiliwa vizuri, kazi inaonyesha imefaulu, lakini mwenye faili anabaki na ruhusa ya kuandika tu, kusoma hawezi. Hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokushtua.

Mwishoni kabisa kuna RETURN VALUES. Pasome kabla ya kutumia register, neno la kuhifadhi matokeo ya kazi ili yatumike baadaye. Utaona kwa mfano kwamba backup_file hurudishwa pale tu faili lilipobadilika na backup imewashwa. Ukiitegemea kila wakati, kazi inayofuata itaanguka siku ambayo hakuna kilichobadilika.

Kama hujui jina la moduli, orodhesha kisha uchuje:

ansible-doc -l | grep -i firewall

Orodha nzima huchukua muda, hivyo ukijua mkusanyiko (collection, yaani kifurushi cha moduli na programu jalizi), utaje: ansible-doc -l community.general.

Tufike kwenye kosa linalowasumbua wengi. Andika ansible-doc env, nawe utaambiwa moduli hiyo haijapatikana. Ni kweli, kwa sababu env si moduli bali ni programu jalizi ya aina ya lookup. Usipotaja aina, ansible-doc hutafuta kwenye moduli peke yake. Taja aina kwa -t:

ansible-doc -t lookup ansible.builtin.env

Ni vivyo hivyo kwa filter, test, callback, connection, inventory na become. Orodha ya aina zote utaipata kwa ansible-doc --help. Kuna aina moja ninayokusihi uizoee: keyword. ansible-doc -t keyword loop inakueleza neno la playbook (faili la kazi za Ansible) ambalo si la moduli yoyote, na ukiongeza -l badala ya loop unapata maneno yote.

Na kama aina ni sahihi lakini bado haipatikani? Endesha ansible-galaxy collection list. Kifurushi cha ansible-core huja na ansible.builtin tu, community.general na mingine inabidi uisakinishe mwenyewe:

ansible-galaxy collection install community.general

Ukiwa tayari kuandika, tumia -s:

ansible-doc -s ansible.builtin.copy

Inakupa kiunzi cha kazi chenye machaguo yote na maelezo mafupi pembeni. Nakili, kisha futa usiyoyahitaji. Usiache chaguo limekaa bila thamani, kwani YAML italihesabu kuwa tupu.

Unataka majina ya machaguo ya lazima pekee? Omba matokeo kwa muundo wa JSON, uyapitishe kwenye jq, programu ya kuchuja JSON:

ansible-doc -j ansible.builtin.copy | jq -r '.[].doc.options | to_entries[] | select(.value.required) | .key'

Skrini inatoa neno moja: dest. Badilisha jina la moduli, amri inabaki ileile. Alama za nukuu moja zinazozunguka maelekezo ya jq ziache zilivyo. Ukizitoa, shell itazichukua zile alama za | kuwa zake na amri itavunjika.