Kutumwa Siyo Kufundishwa

(Mhadhara kwa wazazi, walezi na maafisa ugani, Mwandiga, Kigoma)

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za asubuhi. Nawaona kina mama mliokuja na watoto wenu wakubwa. Nimesema watoto, na nimekosea. Mtu wa miaka 30 mwenye ulemavu wa akili ni mtu mzima. Yale majina mengine tunayowaita mitaani sitayataja hapa, maana wenyewe wamekaa mbele yangu na wanayajua.

Naomba kila mmoja ajiulize: kwenu nani anachota maji? Nani anasomba kuni, nani anabeba mikungu ya chikichi kutoka shamba hadi kwenye pipa la kuchemshia? Mara nyingi ni yeye. Anaamka alfajiri, analala amechoka. Basi msiniambie hawezi kazi. Kazi anafanya, ila maisha yake yote ametumwa. Lete hiki, peleka kile. Hajawahi kupewa kazi ikaanzia na kuishia mikononi mwake, akaona faida yake, akasema hii ni yangu.

Nina deni la kukiri. Nilipoanza kufundisha kitaluni, yaani kwenye bustani ya miche, nilimpa kijana mmoja kazi ya kujaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche ya michikichi. Nikamwambia kwa pumzi moja: chekecha udongo, changanya na samadi, jaza, gonga chini ushuke, bakiza vidole viwili juu, panga kwenye mstari. Vingine akavijaza pomoni, vingine nusu. Nikapaza sauti. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Siku ya tatu nilimfuata kwao. Nikamkuta na bibi yake wanaokota chikichi zilizopukutika kwenye mkungu, wanatenga safi na zilizooza. Bibi haongei. Anaonyesha moja, anaushika mkono wa mjukuu, anauongoza, anauachia. Akikosea, bibi anaitoa tu ile iliyooza na kuonyesha tena. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa na cheti cha kilimo, bibi hana, na mwalimu pale alikuwa bibi.

Tangu hapo nafundisha nikianzia mwisho. Kiriba nakijaza mimi, yeye anakipanga kwenye mstari: kazi imeisha, na aliyeimaliza ni yeye. Akizoea, namwachia kugonga na kupanga. Halafu kubakiza vidole viwili, vidole vyake mwenyewe, siyo rula. Tunarudi nyuma hivyo hivyo hadi kwenye chekeche. Kuna anayechukua wiki mbili, kuna anayechukua miezi mitatu. Mche wenyewe unakaa kitaluni karibu mwaka mzima, kwa hiyo haraka yetu inatoka wapi?

Na shamba lina alama zake zisizohitaji kusoma. Mkungu ulioiva unajitangaza: chikichi zinaanza kudondoka chini ya mti. Hujaziona chini, usikate. Nafasi ya kupanda nayo, mita 9 kwa pembetatu, inawasumbua hata waliosoma. Sisi tunachukua kamba ya mita 27, tunaunga ncha zake, tunafunga vitambaa vyekundu vitatu kila baada ya mita 9. Watu watatu wanashika kila mmoja kitambaa chake, wanavuta mpaka kamba inakaza, wanachomeka vijiti miguuni. Hakuna aliyehesabu, na mistari imenyooka.

Hapa maafisa ugani mnisikilize vizuri. Baadhi ya watu hawa wana kifafa pia. Mwenye kifafa hapandi juu ya mchikichi, hakai peke yake kwenye moto wa pipa la mawese, haendi ziwani peke yake, na dawa yake anaimeza kila siku hata kama hajaanguka mwaka mzima. Viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, asishike mtu asiyeweza kueleza kwamba kichwa kinamuuma. Hizo ndizo kazi za kumwepusha nazo. Msizigeuze kuwa sababu ya kumfungia ndani.

Sasa pesa. Mafunzo mengi yanafia hapa. Mtu anafanya kazi msimu mzima, malipo anakabidhiwa kaka yake. Mimi nalipa mkononi mwake, mzazi akiwa pembeni anashuhudia. Hajui tarakimu? Noti zetu zina picha. Elfu moja ina Mwalimu Nyerere, elfu mbili simba, elfu tano kifaru, elfu kumi tembo. Vifaru wawili ni tembo mmoja. Simba watano nao ni tembo mmoja. Tunacheza hivyo kila Ijumaa kabla ya malipo, na wapo ambao leo hawampunji mtu sokoni wala wao hawapunjwi.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo 2 ni yao pia. Lakini nawasihi, asiandikwe mtu jina kwenye kikundi ambacho hajui kinafanya nini. Jina lake likitumika kuchukua mkopo wa biashara ya shemeji, hapo tumemtuma tena, safari hii na deni juu.

Mama mmoja amenivuta kando kabla sijasimama, akaniuliza: nikifa, nani atakaa naye? Mama, jibu lote sina. Ninachoweza ni hiki: Jumatatu tunaanza kujaza viriba. Mlete saa moja asubuhi, aje na jembe lake, siyo la kuazima. Wewe kaa chini ya mwembe siku mbili za kwanza akuone. Siku ya tatu tutajaribu aje mwenyewe, na njiani nitamsubiri pale darajani.